"Get" si "kupata" tu

Nimefundisha watu wazima Kiingereza cha jioni kwa muda mrefu, na kuna sentensi ambayo mwanafunzi mmoja hakosi kuiandika: "I got an accident." Mwenzake wa dawati la nyuma ataandika kuwa dada yake "got pregnancy". Wote wawili wamefikiri sawasawa, kwa sababu kwetu mtu hupata ajali, na hupata mimba. Waliambiwa shuleni kwamba "get" ni kupata, wakaishia hapo. Mwingereza husema "had an accident" na "got pregnant".

Ushauri wangu: tazama kinachofuata baada ya "get". Kikifuata kitu, basi kupata, kupokea, kununua au kwenda kuleta. Ikifuata sifa, sahau kabisa kupata: "get tired" ni kuchoka, "get wet" kulowa, "get old" kuzeeka. Pakifuata mahali, ni kufika. Na akifuata mtu wa kufanyishwa jambo, kauli yetu ya kutendesha inamaliza kazi: "get him to laugh", yaani mchekeshe. Aliyesema "I got my hair cut" hakushika mkasi, amenyolewa.

Neno lenyewe lina asili ya kigeni. Waskandinavia, ambao jeshi lao kubwa lilivamia Uingereza mwaka 865, walilowea kaskazini na mashariki mwa nchi hiyo, na "geta" yao, iliyobeba pia maana za kuzaa na kukisia, ikabaki. Waingereza wa kale walikuwa na "gietan", ila takriban kila mara ilivishwa kiambishi mbele, ndiyo tukapata "beget" (kuzaa) na "forget". Hiyo ya pili naipenda sana: kusahau ni kitu kukuponyoka mkononi.

Wamarekani nao wameitunza "gotten", ambayo Uingereza wameiacha. Kwao "I've got a car" ni ninalo gari, lakini "I've gotten a car" ni nimelipata. Usiichukulie kuwa kosa, ila kwenye mtihani wa huku andika "got".

Barua ya kuomba kazi iandikie "I received". Kwenye simu na marafiki "got" inatosha, na ukisikia "I got you", tafsiri ya neno kwa neno ndiyo sahihi kwa mara moja: nimekupata.