Nikifumba macho kusali namuona afisa mkopo

SWALI: Shikamoo Anti. Mi ni mama wa watoto wawili, niko Mbagala, nimeokoka mwaka wa sita huu. Mwaka jana nilichukua mkopo, hii tunayoita kausha damu, nikaongezea mtaji wa genge, biashara ikayumba nikachukua mwingine kulipia ule wa kwanza, mume hajui. Toka hapo sina amani kabisa. Nafunga, mkesha wa Ijumaa sikosi, lakini nikifumba macho tu namuona afisa mkopo kasimama gengeni na daftari lake, sala inaishia hapo. Dada mmoja wa kikundi chetu cha maombi anasema sina imani ndo maana. Ni kweli Anti?
Mama Wawili

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Huyo dada msamehe tu ila usimsikilize. Hata Hana wa 1 Samweli 1 alihukumiwa hivyohivyo. Alikuwa hajapata mtoto, na mke mwenzie Penina anamchokoza kila mwaka wakipanda Shilo mpaka anasusa kula, akaenda kusali huku analia, midomo inacheza sauti haitoki, Eli akadhani kalewa! Kuhani mzima. Yeye akajibu hajanywa kitu, anamimina roho yake mbele za Bwana, yaani kamwaga kila kitu na uchungu wake wote. Halafu soma mstari wa 18, akaenda zake, akala, na uso haukukunjamana tena. Samweli, yule mtoto aliyekuja kumpata baadaye, bado, hata mimba hamna, Penina yuko palepale na mdomo wake. Mi huo mstari naurudia sana maana wengi tunadhani amani itakuja siku deni likiisha.

Sasa wewe unahangaika kumfukuza afisa mkopo ndo usali. Mwache akae. Akija na daftari lake sala si ndo hiyo sasa, sema "Bwana, huyu keshokutwa anataka elfu kumi na tano, mimi kwenye kopo nina elfu nne, naogopa, na mume wangu namdanganya". Kesho yake ukiwa huna jipya rudia hilohilo, Yesu pale Gethsemane aliomba mara tatu maneno yaleyale, Mathayo 26:44.

Mwaka ule baba watoto alivyopunguzwa kazini nilikuwa naamka saa tisa usiku, nakaa jikoni kwenye kigoda na kanga yangu begani, nakemea kila pepo ninalolijua jina, nikimaliza moyo unadunda kuliko nilivyoanza. Siku moja nguvu zikaisha nikasema tu "Baba nimechoka, ada sina", nikanyamaza, nasikia friji linanguruma. Sikuona maono wala nini. Ila nilirudi kitandani nikalala mpaka jogoo. Ada yenyewe tuliidunduliza, muhula umeshafika nusu ndo ikatimia.

Halafu hizo funga zako na mikesha, na alfajiri uko sokoni unagombania matenga ya nyanya, mwili nao unadai. Eliya alipokata tamaa mpaka akaomba afe, 1 Wafalme 19, malaika hakumpa somo, alimpa mkate na maji akalala, akamuamsha akala tena. Kwa hiyo Ijumaa hii lala nyumbani, mchungaji ataelewa, na asipoelewa lala hivyohivyo. Na kama usingizi unakataa wiki hata wiki nenda kituo cha afya ukaongee na daktari, kufanya hivyo sio kukosa imani.

Mkopo wa tatu usichukue, hata waje na maneno matamu vipi. Na mumeo mwambie, maana ukishamwambia Mungu "namdanganya" kila usiku utashindwa kuendelea nalo. Jumapili mkishakula, watoto wakiwa nje, mtolee vikaratasi vyote mezani. Ila angalia kwanza kama hakuna Simba na Yanga siku hiyo.