Chokaa kwanza, hadithi baadaye

Wadogo zangu wa maabara, jana nimeona tena filta ikitoka boksini na kwenda moja kwa moja kwenye pampu, mwenyewe anapiga mluzi. Haya, turudie jinsi ya kupima kaboni ya viumbe iliyomo kwenye tope la mto.

1. Filta za kioo zichomwe kwa nyuzijoto 450, saa 4, kabla hazijaonja mto. Baada ya hapo ni koleo, si vidole. Mafuta ya chapati nayo ni kaboni.

2. Ujazo wa maji uandikwe palepale mtoni, filta kwa filta. Tana ikifurika pale Garissa, filta huziba upesi. Ukimimina lita nzima kwa tamaa, utakesha.

3. Asidi. Hapa kaeni. Nilipokuwa kama nyinyi, nilirudi na sampuli za Tana kule Garsen nikaona kufukiza asidi, yaani kuweka filta kwenye mvuke wa asidi uondoe chokaa, ni kupoteza siku. Nikapima hivyo hivyo. Uwiano wa kaboni kwa naitrojeni ukapita 20. Udongo hukaa karibu na 10 au 12, mwani karibu na 7, basi nikaamua haya ni majani ya msitu wa kando ya mto. Nikatunga hadithi yenye mafuriko, mikuyu na nyani, nikaisimamia mbele za watu kwa slaidi za rangi. Mama mmoja mwanajiolojia akauliza kwa upole, "Chokaa uliitoa, mwanangu?" Nikajibu ndiyo. Nilidanganya, naam. Akaomba kipimo cha kaboni-13, ile kaboni nzito inayoonyesha kaboni imetoka wapi. Ilikuwa juu kuliko hata ya nyasi za nyika. Jani la mkuyu liko chini kabisa huko, karibu na −27. Ukumbi ukaelewa kabla yangu: kaboni ya ziada ilikuwa ya chokaa. Zilizoniokoa ni nusu za filta nilizobakiza kwenye friza: zilipofukizwa, uwiano ukarudi kuwa wa udongo wa kawaida tu, na nyani wangu wakaenda zao.

4. Kata filta nusu, nyingine ibaki. Kapsuli, vile vikopo vidogo vya kuingizia filta mashineni, ziwe za fedha. Asidi hula bati.

5. Uwiano ukishuka kwenye maji mekundu, msikimbilie mwani. Mwani utaishi vipi gizani? Udongo wa mfinyanzi hushika amonia, nayo ina naitrojeni, na mashine huihesabu. Chini ya bwawa la Masinga, ambako tope limeshatuama, hapo tutazungumza habari za mwani.

Na aliyeacha desiketa ya asidi, lile chombo la kufukizia, wazi jana aje aifunge. Mizani imeanza kushika kutu.