Mama kaanza kusafisha damu, ale nini? Msimnyime nyama, mfungieni chumvi

Pole dada, na mfikishie mama pole zangu. Umesema tangu figo zishindwe na aanze kusafisha damu kwa mashine anaishi kwa mkate mkavu, nyama haigusi kwa sababu huko nyuma alikatazwa, na maji mnamfichia. Mimi niko kwenye mashine miaka sasa, mara tatu kwa wiki, kila kikao muda wa saa nne. Nakujibu kama mgonjwa mwenzake. Majibu ya vipimo vyake anayo daktari.

Tuanze na nyama, maana hapo ndipo anapoumia zaidi. Figo zinapoanza kuchoka, wengi huambiwa wapunguze protini ili taka zisijazane mwilini. Ukishaingia kwenye mashine amri inageuka, kwa sababu mashine ikichuja taka inaondoka pia na malighafi za protini. Kwa kawaida sasa analengwa kupata gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji kama gramu 60 hadi 72, na hizo ni za protini yenyewe. Nyama iliyopikwa ya gramu 100 inampa kama 25 tu. Samaki, kuku na mayai vinafaa, na ute wa yai ni bora zaidi kwa kuwa hauna fosforasi nyingi, madini yanayojazana mwilini figo zikishindwa. Asipokula, misuli inayeyuka huku maji yakichukua nafasi yake. Mizani itaonyesha kilo zilezile, mtadhani yuko sawa, kumbe uzito wake mkavu, yaani bila maji ya ziada, umeshuka na maji yanabaki mwilini.

Sasa maji. Kumfichia jagi huku chakula kina chumvi ni kumtesa bure, kwani chumvi ndiyo inayomtia kiu. Siku nzima isizidi gramu 5, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hesabu hiyo ni pamoja na iliyomo kwenye mkate, soseji na viungo vya pakiti. Mimi kiu ilitulia nilipobana chumvi, wala si nilipobana maji. Tumieni ndimu, vitunguu saumu, tangawizi, pilipili. Ila ile "chumvi mbadala" ya wenye presha msiinunue kabla ya kusoma kibandiko: nyingi ni kloridi ya potasiamu, na kwake hiyo ni hatari tupu.

Kiasi cha maji atapangiwa kulingana na mkojo anaotoa bado. Supu, uji, barafu na tikiti vyote vinahesabiwa. Kila lita inayobaki mwilini ni kilo moja kwenye mizani, na mashine ikilazimika kuvuta kilo nyingi kwa kikao kimoja, presha inaporomoka na misuli ya miguu inakaza hadi mtu apige kelele. Kikombe kidogo kinasaidia, na kusukutua mdomo kisha kutema.

Potasiamu ndiyo ya kuogopa kweli, kwa sababu inaweza kusimamisha moyo bila kubisha hodi. Imejaa kwenye viazi, ndizi, machungwa, parachichi, nyanya na matunda makavu. Viazi vimenywe, vikatwe vidogo, vichemshwe kwenye maji mengi, maji yamwagwe, kisha vichemshwe upya. Kuloweka peke yake hakutoi nyingi. Awe mkali zaidi kwenye zile siku mbili mfululizo zisizo na mashine, na choo kisifunge, maana sehemu ya potasiamu hutoka kwa njia hiyo. Tufaha, zabibu mbichi na nanasi anaweza kula kwa kiasi. Tunda la nyota asiguse kabisa. Lina sumu inayopanda kwenye ubongo wa mtu asiye na figo.

Fosfeti, yaani ile fosforasi, nitaipitia haraka: soda nyeusi na nyama za kiwandani ziondoke, kwani fosfeti iliyoongezwa huko hufyonzwa karibu yote. Kama kapewa vidonge vya kuikamata, avimeze pamoja na chakula. Akila saa saba akameza saa tisa, havina kazi, na muwasho wa ngozi usiku, unaoletwa na fosfeti ikijaa, utaendelea.

Hukusema kama ana kisukari. Kama anacho na siku moja sukari ikashuka, msikimbilie juisi ya machungwa; mpeni glukosi, au sukari iliyokorogwa kwenye maji kidogo.