Tume ya Westgate iko wapi? Na barua nyingine za usalama

Mwezi huu barua nyingi zilizonifikia ni za usalama. Nimechagua tatu. Walioomba majina yao yasitajwe, sikuyataja.

Mzee, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Kila nikisema kwamba serikali ilizembea Westgate na Garissa, wenzangu huniambia nawatia moyo magaidi. Hivi kukosoa vyombo vya usalama ni kumsaidia adui? – Mwalimu, Voi

Marahaba, mwalimu. Hapana, si kumsaidia adui. Adui anajua vizuri alipopenya na alivyopenya. Anayefichwa ni wewe.

Wakati ule nilikuwa ripota wa Bunge, kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyafuatilia. Westgate, lile jumba la maduka la Nairobi, ilivamiwa na magaidi wa Al-Shabaab Jumamosi, tarehe 21 Septemba 2013. Waliouawa ni 67, na purukushani ikaendelea siku nne. Katika siku hizo tuliambiwa wavamizi ni kati ya 10 na 15. Baadaye ikabainika ni wanne. Moshi mzito ulipofuka juu ya jengo, Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Ole Lenku, akasema magaidi wanachoma magodoro. Kisha zikatoka picha za kamera za duka zikionyesha wanajeshi wakitoka na mifuko. Mkuu wa Majeshi, Jenerali Karangi, akaeleza kwamba walichukua maji ya kunywa, tena kwa ruhusa. Oktoba haijaisha, jeshi lenyewe likatangaza kwamba askari wawili wamefukuzwa na kufungwa kwa wizi. Nakuachia mwenyewe upime maji hayo.

Lakini mifuko si kiini cha jambo, ingawa ndiyo watu wanayoikumbuka zaidi. Kiini ni kwamba Recce, kikosi maalumu cha polisi wa GSU, kilikuwa kimeshaingia ndani wakati jeshi, yaani KDF, linafika, pande mbili zikakosa kuelewana, risasi zikarushwa wenyewe kwa wenyewe, na kamanda wa Recce akafa humo. Nani alikuwa na amri juu ya nani saa ile? Hilo ndilo swali ambalo tume ya uchunguzi ingejibu. Rais Uhuru Kenyatta aliahidi tume hiyo hadharani, siku chache tu baada ya shambulio. Haikuundwa. Kamati mbili za Bunge zikaketi pamoja na kuandika ripoti, na Machi 2014 wabunge wakaikataa. Nilikuwa roshani ya waandishi siku hiyo. Mbunge mmoja baada ya mwingine alisimama akasema ripoti ni dhaifu, na kusema kweli ilikuwa dhaifu. Ila aliyekataa kazi mbovu hutarajiwa kuagiza iliyo nzuri. Wao waliikataa, kikao kikaendelea na mambo mengine, na suala likafia pale.

Sasa njoo Garissa. Tarehe 2 Aprili 2015, saa kumi na moja na nusu alfajiri, watu wanne wenye bunduki wakaingia chuo kikuu. Onyo lilikuwapo: Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimewatahadharisha wanafunzi wake wiki moja kabla, na Uingereza ilikuwa imewaonya raia wake wasiende sehemu kadhaa, Garissa ikiwamo. Siku moja tu kabla ya shambulio, Rais aliikosoa tahadhari hiyo ya Uingereza na kusisitiza kwamba Kenya ni salama kama nchi nyingine yoyote.

Kikosi kinachojua kazi ya kukomboa mateka kilikuwa Nairobi. Kutoka huko hadi Garissa kwa barabara ni kilomita zipatazo 370, na waandishi waliotoka na magari yao asubuhi ile walifika kabla ya Recce. Magazeti yaliripoti kwamba ndege ya polisi ilikuwa Mombasa, na miongoni mwa abiria wake walikuwamo jamaa za mkuu wa kitengo cha ndege. Recce wakatua Garissa yapata saa nane mchana. Walipoingia bwenini jioni, walimaliza kazi kwa muda usiofika saa moja. Kumbuka mji ule una kambi ya jeshi, na wanajeshi walikuwa wamelizunguka jengo tangu asubuhi. Humo ndani wanafunzi walikuwa wanapiga simu nyumbani. Waliokufa ni 148, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi.

Wapo watakaokujibu kwa shambulio la hoteli ya DusitD2, Nairobi, nami nakubaliana nao kwa sehemu. Tarehe 15 Januari 2019 vikosi vilifika haraka, vikafanya kazi pamoja, na mamia ya watu wakatolewa salama, ingawa 21 waliuawa. Hayo ni maendeleo makubwa na askari wale wanastahili pongezi. Ila waulize wenzako: je, yangetokea kama sote tungenyamaza baada ya Garissa? Mimi sidhani.

Mzee wetu, kijana wa dada yangu alikuwa El Adde. Tulimzika, tunamshukuru Mungu kwa hilo, maana kuna wenzetu waliongoja miezi. Linaloniuma ni kwamba hadi leo serikali haijasema walikufa wangapi. Ni siri ya nini? – Mama, Eldoret

Mama, pole sana. Poleni nyote.

Kambi ya jeshi letu ya El Adde, huko Somalia, ilishambuliwa tarehe 15 Januari 2016. Serikali yetu haikutoa idadi kamili ya waliokufa. Aliyetaja idadi ni rais wa Somalia wa wakati huo, Hassan Sheikh Mohamud, aliyesema kwenye televisheni kwamba ni karibu 200. Jeshi letu likakanusha, lakini halikutoa idadi yake. Yaani hesabu ya watoto wetu tumeisikia kwa jirani.

Siri za kijeshi zipo na ninaziheshimu. Mahali kambi ilipo, silaha zilizopo, zamu zinavyopangwa, hayo yasitangazwe. Lakini idadi ya majeneza Al-Shabaab hawana haja ya kuambiwa. Wao walikuwapo, na wakatoa hadi video. Ukiniuliza mimi, siri hiyo inawalinda maofisa wasiulizwe kama onyo lilikuja, na kama lilikuja, nani alilipuuza.

Tena siku chache baada ya shambulio mwandishi mmoja alikamatwa kwa aliyoyaandika mtandaoni kuhusu El Adde. Alikamatwa chini ya kifungu cha matumizi mabaya ya mitambo ya mawasiliano, na kifungu hicho Mahakama Kuu ilikifuta miezi michache baadaye, Aprili 2016. Mwaka mmoja kabla yake, tarehe 23 Februari 2015, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imefuta vifungu vinane vya sheria ya usalama iliyopitishwa Desemba 2014 huku wabunge wakirushiana makonde. Kimoja kingemfunga mwandishi hadi miaka mitatu au kumtoza hadi shilingi milioni 5 kwa habari za ugaidi zisizoidhinishwa na polisi. Mama, kama kifungu hicho kingekuwa hai, labda hata barua yako ningesita kuichapa.

Unaweza kuandika kwa Wizara ya Ulinzi ukitumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Wanapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Huenda wakasema ni siri ya usalama wa taifa. Wakisema hivyo, au wakinyamaza, peleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Usiende peke yako. Tafuta familia nyingine mtie sahihi pamoja.

Boss, mimi ni Mkenya Msomali, nimezaliwa Eastleigh. Kukiwa na kishindo popote, jioni polisi wako mtaani kwetu. Kitambulisho ninacho, lakini naambiwa ni feki mpaka nitoe kitu. Nifanyeje? – Kijana, Nairobi

Hiyo ndiyo hasara nyingine ya kutochunguza: kwa kuwa hakuna ofisa anayeulizwa, lazima apatikane wa kuulizwa mtaani. Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, maelfu walizolewa na wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani. IPOA, mamlaka inayowasimamia polisi, ilifuatilia operesheni ile, na ripoti yake ikataja rushwa na ukiukaji wa Katiba. Mwaka uliofuata ikawa Garissa. Na aliyetajwa na serikali kuwa mpangaji wa Garissa alikuwa mwalimu wa zamani wa madrasa mjini humo humo, Mkenya aliyejulikana. Msako wa vitambulisho Eastleigh haukumzuia mtu huyo.

Ufanye nini? Kwanza usikimbie na usibishane kwa sauti. Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Katika kesi za ugaidi mahakama inaweza kuongeza muda, lakini ni mahakama, si yule askari aliyekusimamisha kwenye stegi. Soma namba yake ya kazi kifuani; akiwa ameifunika, andika saa, mahali na namba ya gari, kisha upeleke malalamiko IPOA.

Chai usitoe. Najua ni rahisi kwangu kusema nikiwa nimeketi hapa, na wewe ndiye uliyesimamishwa usiku. Lakini ukitoa leo, kesho sura yako inajulikana. Ukipelekwa kituoni, dai uandikwe kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, na namba yake uitume nyumbani kabla simu haijachukuliwa.