Majaribio ya jenereta yaandikwe kabla ya kusaini mkataba

Mkuu, umeuliza kama majaribio ya jenereta la hospitali yenu yaingie kwenye mkataba au yaachiwe kamati ya ukaguzi na mapokezi jenereta likishafika. Yaingie kwenye mkataba, na muanze kuyaandika siku ileile mnayoandaa vigezo vya zabuni.

Nilikuwa kwenye kamati hiyo katika hospitali moja ya Nyanda za Juu Kusini. Vigezo vyetu vilisema jenereta liwe la KVA 200 (kipimo cha uwezo wa jenereta) na lijiwashe lenyewe umeme ukikatika. Basi. Mzabuni alilifunga, akashusha swichi kuu, likanguruma, taa za ofisi zikawaka, tukasaini. Wiki ya tatu umeme ukakatika mama akiwa kwenye meza ya upasuaji. Jenereta likabebeshwa chumba cha upasuaji, pampu ya maji na eksirei kwa pamoja, likazima. Daktari alimalizia kwa mwanga wa simu za wauguzi. Mama alipona, lakini hofu ya usiku ule bado ninayo.

Tulipombana mzabuni alitoa cheti: jenereta lilibeba KVA 200 bila shida. Ila lilipimwa Dar es Salaam, usawa wa bahari. Sisi tuko juu ya mita 1,800, hewa nyepesi, injini inapungukiwa nguvu, na mzigo wetu, yaani umeme ambao vifaa vyetu vinavuta kwa pamoja, ulikuwa unakaribia kikomo. Mkataba haukusema lipimwe wapi wala kwa mzigo gani. Kwa maandishi, alikuwa amemaliza kazi.

Hata wakubwa limewapata. Roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliharibika angani tarehe 4 Juni 1996, safari yake ya kwanza, haijamaliza hata dakika moja. Kifaa chake cha kupima mwelekeo, ambacho ndicho kilifeli, kilirithiwa kutoka roketi iliyotangulia, Ariane 4. Tume ya uchunguzi ilikuta kwamba takwimu za mwendo wa Ariane 5 hazikuwekwa kwenye vigezo vya kifaa hicho, na hakikujaribiwa kwa mwendo huo.

Kwa hiyo mbele ya kila kigezo andikeni kitathibitishwaje. Unene wa nyaya unatosha kukaguliwa. Uwezo wa kubeba mzigo lazima ujaribiwe, hapohapo hospitalini: saa 4 mfululizo kwa mzigo kamili, na lipokee mzigo ndani ya sekunde 10 umeme ukikatika. Semeni nani analeta mashine ya mzigo bandia, ile inayovuta umeme badala ya vifaa halisi wakati wa jaribio, na nani ananunua dizeli. Gharama hizo ziwe kwenye jedwali la bei, la sivyo baadaye mtaambiwa ni kazi ya ziada. Zuieni sehemu nzito ya malipo hadi jaribio lifaulu. Na fundi umeme wenu awepo mnapoandika, maana ndiye anayejua mizigo inavyoingia.

Jenereta la pili tulinunua hivyo. Jaribio likashindwa katika saa ya pili, joto la maji ya kupozea injini likapanda. Mzabuni akabadilisha rejeta kwa gharama yake, tukaanza upya saa zote nne.