Huruma Haikubaki Kanisani

Wengi ninaowafahamu waliotoka kanisani hawakutoka kwa ajili ya Utatu wala ubatizo. Walianguka, au waliangushwa, na wale waliokuwa wakiwaita "mpendwa" wakaanza kuwapita. Kama nawe ni mmoja wao, na umeambiwa kwamba nje ya zizi ni giza tupu, nina machache ya kukuambia kutokana na niliyoyapitia.

Ndoa yangu ilivunjwa na pombe. Si yangu, ya mume wangu. Wazee wa kanisa walijua kwa miaka, na ushauri wao ulikuwa uleule: vumilia, mwombee, mwanamke mwenye hekima huijenga nyumba yake. Siku nilipoondoka na watoto, habari ikageuka kesi. Nikaondolewa kwenye kwaya, nikatengwa na Meza ya Bwana "hadi mambo yatengemae". Yeye, ambaye fungu lake la kumi lilikuwa nono, aliendelea kukalia viti vya mbele na kuongoza kamati ya ujenzi. Hakuna aliyeuliza watoto wanakula nini. Nilichopokea ni ujumbe wa kunikumbusha ahadi yangu ya mchango wa paa.

Aliyeuliza watoto wanakula nini ni jirani yangu, mama wa Kiislamu. Alikuja na sufuria ya chakula, akaketi, akanisikiliza hadi usiku ukaingia, wala hakunisomea aya hata moja. Baadaye sana, tulipokuwa tumezoeana, nilimuuliza kilichomsukuma. Akanitajia Al-Maun, sura ya 107 katika Kurani. Ni fupi, aya saba tu, na ole iliyomo inawaangukia watu wanaosali: wale wanaojionyesha kwa ibada zao huku wakinyima msaada mdogo wa kawaida. "Hiyo sura naiogopa, mwanangu," alisema. Nami nikakumbuka Mathayo 23, pale Yesu anapowakemea wanaotoa zaka ya mnanaa, bizari na jira, wakaacha adili na rehema. Kwa hiyo ukisikia kwamba kuulalamikia unafiki ni kumwasi Mungu, usibabaike. Lawama hiyo imo ndani ya vitabu vyenyewe, na ni kali kuliko yako.

Kwa muda mrefu niliamini wale wazee walikuwa na mioyo mibaya. Kilichonilegeza ni jaribio moja lililofanywa katika chuo cha theolojia cha Princeton, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1973 na wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson. Wanafunzi 40, wengi wakijiandaa kuwa watumishi wa Mungu, walitumwa jengo jingine kutoa hotuba fupi. Baadhi yao walipewa mada ya Msamaria Mwema, wengine mada ya kazi za wahitimu. Njiani alikuwepo mtu amejikunyata mlangoni, akikohoa na kugumia. Mtu huyo alipangwa na watafiti, lakini wanafunzi hawakujua. Kuwa na mada ya Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ya maana. Tofauti ililetwa na haraka: kati ya walioambiwa muda bado upo, asilimia 63 walisimama kusaidia, kati ya walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Wapo waliomruka kabisa yule mtu wakaenda kumhubiri Msamaria.

Nilipofikiria kanisa letu niliona ratiba: mkesha, kamati, mazoezi ya kwaya, semina, changizo. Watu walikuwa wamechelewa tangu Jumatatu. Sisemi hili linawatakasa. Kumwacha mwenye fedha mezani na kumfukuza asiyenazo hakukutokana na haraka, huo ni uamuzi uliofanywa kwenye kikao, na mwenyekiti akauandika. Lakini wengine wote, wale mia na ushee walionisalimia kwa mbali, wengi wao hawakunichukia. Hawakuwa na nafasi tu. Kuitenganisha dhambi ya wachache na shughuli za wengi kuliniokoa na chuki ambayo ingenila mimi kabla ya kuwafikia wao.

Basi ukitafuta huruma, usianze kwa kuuliza watu wanaamini nini. Tazama kama wana nafasi. Mimi niliipata, pamoja na kwa jirani, katika kikundi cha Al-Anon, cha jamaa za walevi. Kilianzishwa mwaka 1951 na wake wa walevi waliokuwa wakipata nafuu, mmojawapo Lois Wilson, ambaye mume wake Bill alishiriki kuanzisha kikundi cha walevi wenyewe mwaka 1935. Hakuna ada, mchango ni wa hiari. Anayesema anasema, wengine wanasikiliza, na hakatizwi kwa ushauri. Mungu anatajwa, ila kila mtu kwa jinsi anavyomwelewa. Mara ya kwanza nililia muda wote na hakuna aliyeniombea pepo litoke. Wala sisemi huko ni mbinguni. Kuna wachoshi, na yupo aliyejigeuza mchungaji bila kanisa.

Ndiyo maana naomba usihame upesi. Aliyeumizwa ana njaa, na mwenye njaa hachagui mkono unaomlisha. Nje nako kuna walimu wa kutafakari wanaodai uchi wa roho yako na namba ya akaunti yako kwa pamoja. Kipimo ninachokiamini ni kimoja: ulizia habari za waliotoka. Wanawasemaje? Wakiitwa wasaliti au waliorudi nyuma, umekwisha kujua utakavyoitwa wewe. Kikundi changu kinapoachwa na mtu, watu husema ameacha kuja, basi.

Na usijilazimishe kuchoma kila kitu. Nyimbo za tenzi bado naziimba nikifua. Mama yangu anaendelea kusali palepale, nami sijamuomba achague. Ukienda harusini au mazikoni, simama wanaposimama. Si lazima kila ibada iwe mjadala wa maisha yako. Meza ya Bwana sijairudia, ingawa nilikaribishwa baada ya uongozi kubadilika. Mwaliko ulikuja kwa masharti ya kutubu mbele ya usharika, na sikuona cha kutubu katika kuwaokoa watoto wangu.

Kuhusu msamaha, kwa kuwa utaulizwa tu: Wabudha wana zoezi liitwalo metta, la kuwatakia watu heri kimoyomoyo, na lina utaratibu unaofaa hata kwa asiye wa dini yao. Unaanza na nafsi yako. Unafuata mtu unayempenda, kisha mtu usiye na habari naye sana, muuza duka au dereva. Ndipo mgumu, aliyekuumiza. Kanisani nilifundishwa kuanza na huyo, tena siku hiyohiyo, kabla jua halijatua. Usiruke hatua. Kama huu mwaka mzima utaishia kujitakia heri wewe mwenyewe, inatosha. Mzee wa kanisa atasubiri zamu yake.