Raleigh na magwiji wa Seattle: maswali yenu ya besiboli

Tangu Cal Raleigh, mdakaji wa Seattle Mariners (anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kuudaka mpira), amalize msimu wa 2025 akiwa na homurani 60, barua zenu zimekuwa na swali moja lenye sura nyingi: je, huyu naye anafaa kuketi meza moja na magwiji wa zamani wa timu hiyo, Ken Griffey Jr., Edgar Martínez na wenzao? Kwa anayesoma safu hii kwa mara ya kwanza, homurani ni pigo linaloutoa mpira nje ya ukuta wa uwanja, mpigaji akazunguka vituo vyote vinne na kurudi nyumbani bila wa kumzuia. Baadhi ya maswali nimeyafupisha.

Raleigh kaivunja rekodi ya Griffey. Basi yeye ndiye mkubwa zaidi sasa, yamekwisha! (Msomaji wa Kent, Washington)

Hayajakwisha, ndugu yangu. Aliyoivunja ni rekodi ya msimu mmoja. Griffey alipiga homurani 56 mwaka 1997, akapiga 56 zilezile mwaka 1998, na hakuna mtu wa Seattle aliyempita hadi Septemba 20, 2025, Raleigh alipopiga ya 57 kule Houston. Siku nne baadaye, nyumbani dhidi ya Colorado Rockies, akatimiza 60, na usiku huohuo timu ikatwaa ubingwa wa kundi lake la Magharibi, jambo lililokuwa halijatokea tangu 2001. Katika historia nzima ya Ligi ya Amerika, nusu moja ya ligi kuu, waliowahi kugusa 60 ni wanne tu: Babe Ruth, Roger Maris, Aaron Judge na yeye.

Sasa tuje kwenye umri. Griffey alizaliwa Novemba 21, 1969, na Raleigh Novemba 26, 1996. Siku zao za kuzaliwa zimepishana kidogo tu, kwa hiyo ni rahisi kuwapima bega kwa bega. Mchukue kila mmoja hadi mwisho wa msimu aliocheza akiwa na miaka 28. Griffey alikuwa na homurani 350. Raleigh ana 153. Griffey aliingia ligi kuu akiwa na miaka 19. Raleigh alipitia chuo kikuu kwanza, akaanza Julai 2021. Tena Griffey alikuwa akilinda katikati ya uwanja, akakimbia na kurukia ukuta kuufuata mpira, na kwa kazi hiyo alipewa Glavu ya Dhahabu miaka kumi mfululizo, 1990 hadi 1999. Mwaka 1993 alipiga homurani katika mechi nane mfululizo, rekodi anayoshirikiana na watu wawili tu. Alistaafu akiwa na 630, na 417 kati ya hizo ni za Seattle.

Ukiniuliza msimu mmoja uliopigwa vizuri kuliko yote katika jezi ya Mariners, nitakujibu bila kusita: Raleigh, 2025. Ukiniuliza mchezaji, jibu langu ni Griffey, na sioni wa kulibadilisha hivi karibuni.

Kila mara mnasema "na huyu ni mdakaji", kama vile ni muujiza. Kuchuchumaa nako ni kazi? (Msomaji wa Mombasa)

Hebu chuchumaa hapo ulipo. Kaa hivyo mpaka miguu ianze kukutetemeka, kisha inuka, uchuchumae tena. Mdakaji hufanya hivyo kwa kila mpira unaorushwa na mrushaji wake, na katika mechi moja mipira hiyo hukaribia 150. Msimu una mechi 162. Mpira humjia kwa kasi inayoweza kupita kilomita 150 kwa saa, na ukiparuzwa na gongo la mpigaji hubadilisha njia ghafla ukampata kwenye vidole, kwenye koo au kwenye barakoa. Na kichwa chake nacho hakipumziki: yeye na mrushaji ndio wanaopanga mpira gani urushwe, wapi, kwa mpigaji yupi, kwa hiyo kabla ya mechi lazima awe amewasoma wapigaji wote wa upande wa pili.

Hiyo ndiyo sababu timu nyingi humtaka mdakaji kwa ajili ya ulinzi, akipiga kidogo basi ni shukrani. Mfikirie golikipa anayeokoa mechi baada ya mechi, kisha mwisho wa msimu ndiye anayebeba kiatu cha mfungaji bora. Raleigh ulinzi anaujua: mwaka 2024 alipewa Glavu ya Platinamu ya Ligi ya Amerika, inayokwenda kwa mlinzi bora wa nafasi zote. Mashabiki humwita Big Dumper kwa sababu ya unene wa makalio yake, jina alilopewa na mchezaji mwenzake wa zamani. Mimi naona ndiko nguvu zake zinakotoka, anapodaka na anapopiga.

Kabla yake, wadakaji walitazamana na kilele cha Johnny Bench, homurani 45 mwaka 1970, kisha Salvador Perez akafika 48 mwaka 2021. Raleigh alimpita Perez Agosti 24, msimu ukiwa umebakiza zaidi ya mwezi. Kuna siku kocha alimpumzisha asidake, akawa mpigaji tu, na baadhi ya homurani zake zilipatikana siku hizo. Perez naye alipata mapumziko ya aina hiyo. Kwangu haipunguzi kitu.

Nasikia anapiga kulia na kushoto. Ni mbwembwe? (Msomaji wa Muscat)

Si mbwembwe hata kidogo. Mrushaji wa mkono wa kulia akirusha mpira unaopinda, mpira humkimbia mpigaji aliyesimama upande wa kulia, lakini humjia yule aliyesimama kushoto. Anayeweza kubadilisha upande huchagua daima ule ambao mpira utamjia. Gharama yake ni kwamba lazima ajifunze mapigo mawili tofauti na kuyalea yote mwaka mzima, na Raleigh huyalea baada ya kuchoka na kazi ya udakaji. Baba yake, aliyekuwa kocha wa besiboli ya vyuo vikuu, alimzoesha tangu utotoni.

Katika wapigaji wa aina hii, rekodi ilikuwa ya Mickey Mantle wa New York Yankees: 54, mwaka 1961. Ilidumu miaka 64, hadi Raleigh alipoipita.

Edgar Martínez alimaliza kazi na wastani wa .312. Raleigh katika huo msimu wenu mtukufu alipata .247. Mbona Edgar hamumtaji? (Msomaji wa Bujumbura)

Namtaja, tena kwa heshima zote, kwa sababu bila Edgar huenda leo tusingekuwa na timu ya kuzungumzia.

Mwaka 1995 Mariners walikuwa wanaishi kwa wasiwasi wa kuhamishwa Seattle. Oktoba 8 walikuwa na Yankees katika mechi ya tano, ya kuamua, na mechi ikaingia muda wa nyongeza hadi awamu ya 11 (kawaida ni tisa). Yankees wakaongoza 5-4. Wenzake Joey Cora na Griffey wakiwa vituoni, Edgar akaupiga mpira ukaenda pembe ya kushoto. Cora akafunga la kusawazisha. Griffey, aliyeanzia kituo cha kwanza kabisa, akakimbia bila kugeuka nyuma na kuteleza hadi nyumbani: 6-5. Tazama picha yake akiwa chini ya rundo la wenzake, anacheka kama mtoto. Wiki hiyohiyo ya Oktoba watunga sheria wa jimbo walikuwa wakijadili fedha za uwanja mpya, na wakazipitisha. Timu ikabaki.

Kuhusu wastani una haki. Wastani wa .312 maana yake katika kila majaribio 1,000 Edgar alipata mapigo mazuri 312, kwa misimu 18, yote Seattle. Aliongoza ligi mara mbili kwa wastani, .343 mwaka 1992 na .356 mwaka 1995. Kwa jicho la kuuona mpira na mkono wa kuuelekeza anakotaka, Raleigh hamkaribii, na hata Griffey sidhani. Ila Edgar miaka mingi hakuwa na kazi ya ulinzi, alipiga, akakaa. Raleigh anapiga mpira huku magoti yanamuuma. Na lipo jambo linalonifurahisha: Edgar alirudi mwaka 2024 kuwafundisha upigaji vijana wa Mariners, kwa hiyo Raleigh naye ameketi kwenye darasa lake.

Alex Rodriguez je? (Msomaji wa Kigali)

Kipaji kikubwa mno. Misimu yake mitatu ya mwisho Seattle alipiga homurani 42, 42 na 41. Kisha akaenda Texas kwa mkataba wa dola milioni 252, akaacha 189 kwenye vitabu vya Mariners. Raleigh akiwa mzima atampita.

Na Ichiro? (Msomaji huyohuyo)

Ichiro Suzuki hakuwa mtu wa homurani. Mapigo yake 262 ya mwaka 2004 ni rekodi ya ligi kuu yote, na ni fani nyingine kabisa. Tusimweke kwenye mizani hii.

Griffey alipigia Kingdome. Raleigh anapigia T-Mobile Park. Viwanja hivi ni sawa? (Msomaji wa Dar es Salaam)

Swali zuri, na ndilo linaloongeza uzito upande wa Raleigh. Kingdome ulikuwa umefunikwa paa la zege, hakuna upepo, hakuna baridi, na mpira ulikuwa ukisafiri vizuri. T-Mobile Park, uliofunguliwa Julai 1999, uko karibu na maji ya Puget Sound. Jioni za Aprili na Mei hewa ni nzito na ya baridi, na mpira uliopigwa vizuri hufia mikononi mwa walinzi karibu na ukuta. Warushaji wanaupenda, wapigaji wengi wanaulalamikia. Kupiga 60 huku nusu ya mechi zako zikichezwa hapo ni jambo zito.

Ongeza na zama zenyewe. Mwaka 1998 Griffey alipopiga 56, Mark McGwire alipiga 70 na Sammy Sosa 66. Homurani zilikuwa zinamwagika, na McGwire alikuja kukiri mwaka 2010 kwamba alitumia dawa za kuongeza nguvu. Griffey hakuhusishwa nazo, na hilo ni sehemu ya sababu watu wanampenda hivi. Lakini warushaji aliokabiliana nao hawakuwa wakirusha kwa kasi ya hawa wa leo.

Kwa nini basi hakupewa tuzo ya Mchezaji Bora wa Ligi? (Msomaji wa Kampala)

Judge wa Yankees alipata kura 17 za nafasi ya kwanza, Raleigh 13. Judge alipiga homurani 53 kwa wastani wa .331, takwimu zisizo na mjadala. Ningekuwa na kura ningempa Raleigh, kwa ajili ya ule udakaji. Anayempa Judge, hata hivyo, hajakosea.

Anaweza kuzifikia 417 za Griffey? (Msomaji wa Zanzibar)

Kwa hesabu ya mwisho wa 2025, anahitaji 264. Mkataba wake wa miaka sita, dola milioni 105, ulianza 2025, kwa hiyo una misimu mitano mbele. Kuzipata ndani yake ni wastani wa karibu 53 kila mwaka, na magoti ya mdakaji hayamruhusu. Lakini Edgar ana 309 na Jay Buhner, mchezaji mwingine wa zamani wa Mariners, 307. Ili awapite wote wawili Raleigh anahitaji 157, yaani 32 hivi kwa mwaka. Aliwahi kupiga 27, 30 na 34 hata kabla ya huu msimu wa ajabu. Hilo ninalitarajia, tena nitasikitika lisipotokea.

Mwanangu wa miaka tisa alilia mpaka akalala usiku ule wa Toronto. Tangu hapo anasema Raleigh hafai kwa sababu hakutufikisha fainali. Nimwambie nini? (Mama wa Tukwila, Washington)

Pole dada, na mpe pole yake. Kwa wasiojua: Oktoba 20, 2025, mechi ya saba, ya kuamua nani aende fainali, Mariners walikuwa wakiongoza 3-1 mpaka awamu ya saba, George Springer wa Toronto Blue Jays akapiga homurani ya mabao matatu, ikaisha 4-3. Mariners wakabaki timu pekee ya ligi kuu ambayo haijawahi kucheza World Series, yaani fainali yenyewe.

Mwambie bao la tatu la usiku ule alilipiga Raleigh, kwa homurani. Mwambie pia Griffey hakufika, Edgar hakufika, na Ichiro hakufika hata mwaka 2001 timu iliposhinda mechi 116. Wote hao jezi zao zimestaafishwa, namba 24, 11 na 51, na hakuna mtu Seattle anayesema hawafai. Kama bado ana uchungu, mwache nao kidogo. Ni uchungu wa mtu anayeipenda timu yake.

Sijawahi kuutazama mchezo huu. Nianze na nini? (Msomaji wa Tanga)

Tafuta video tatu. Ya kwanza ni Septemba 30, 2022: Seattle na Oakland wako 1-1, awamu ya mwisho, nafasi karibu zimekwisha, Raleigh anaingizwa kutoka benchi na kupiga homurani iliyoirudisha timu kwenye mtoano baada ya miaka 21. Ya pili ni Septemba 14, 1990: Ken Griffey baba na Ken Griffey mwana, wote wakiwa Mariners, wanapiga homurani wakifuatana, baba kwanza, mtoto nyuma yake. Ya tatu ni shindano la homurani la Julai 2025 kule Atlanta, alilolishinda Raleigh, mdakaji wa kwanza kulishinda. Mtazame anayemrushia mipira: ni baba yake. Kisha mtazame kijana aliyechuchumaa nyuma yake kwa glavu na barakoa. Huyo ni mdogo wake, wakati huo akiwa na miaka 15.